Makamasi ya kijani

Mama Imani: Habari za usiku jamani. Huyu mdogo mafua yamembana, leo siku ya nne, na makamasi yamegeuka kijani. Ile amoksilini ya maji aliyobakisha Imani si nimpe tu?

Rehema: Usimpe wifi. Mafua ni virusi, antibayotiki haziviui. Na makamasi kugeuka kijani ni kawaida mafua yakikomaa, si dalili ya kuhitaji dawa hiyo. Halafu ya maji ikishachanganywa haifiki hata wiki tatu. Imwage.

Mama Imani: Sasa kinachonitesa ni kunyonya. Anashika titi, anavuta mara mbili, anaachia analia.

Rehema: Pua imeziba, atapumulia wapi? Kanunue maji ya chumvi ya pua. Mlaze chali, tone moja au mawili kila tundu, subiri kidogo, ndiyo uvute kwa kile kimpira cha kunyonya makamasi. Kiminye KABLA hujakiingiza puani. Fanya hivyo kabla ya kunyonya na kabla ya kulala, basi. Ukivuta kila saa pua inavimba.

Bibi: Sisi tuliwafunika shuka tukawafukiza, na mkapona.

Rehema: Shikamoo mama. Tulipona, ila sufuria la maji ya moto na mtoto anayerusha miguu 🙈 Wanaungua kweli.

Bibi: Marahaba. Haya daktari.

Baba Zuhura: Na asali?

Rehema: Zuhura ana miaka minne, kijiko kimoja cha chai usiku kinamtuliza kikohozi. Huyu wa miezi 8, hapana kabisa mpaka atimize mwaka. Asali inaweza kubeba vijidudu vya botulizimu, ugonjwa unaopoozesha misuli. Dawa za mafua za dukani pia asipewe. Homa ikimsumbua, parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake. Aspirini kamwe.

Baba Zuhura: Mbona wangu haponi? Akimaliza haya anaanza mengine.

Rehema: Virusi vya mafua ni zaidi ya 200 kaka, na mtoto mdogo kuugua mara 6 hadi 8 kwa mwaka si ajabu. Akitoka shule anawe kwa sabuni, sekunde 20. Na wewe hiyo sigara ivutie mbali.

Baba Zuhura: Nimeonekana 😅

Rehema: Wifi, anapumuaje? Akitulia pandisha fulana, hesabu kifua kinavyopanda dakika nzima.

Mama Imani: 38.

Rehema: Vizuri. Kwa umri wake ikifika 50, au mbavu zikibonyea ndani, au akikataa kabisa kunyonya, hospitali usiku huohuo. Msisubiri asubuhi.

Mama Imani: Sawa wifi. Baba Imani ameshatoka kufuata matone.

Baba Zuhura: Sisi tunacho kimpira, aje achukue.

Rehema: Cha Zuhura? Hapana, kila mtoto na chake. Na hicho chenu kioshwe kwa sabuni na maji ya moto, mkiminye mpaka ndani pasafike, kikauke.

Baba Zuhura: Kumbe kinaoshwa na ndani?

Bibi: Yarabi.