Shairi la kupinga ukatili majumbani: mizani inatimia lakini halighaniki

MwlMukono:
Habari zenu wakuu. Klabu yetu ya Kiswahili, shule ya sekondari hapa Uganda, itaghani shairi katika Siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia (25 Novemba hadi 10 Desemba). Tumepewa dakika 3. Wanafunzi wameanza hivi:

*Ukatili wa kijinsia, ni jambo baya sana*

Mizani (silabi) ni 16, lakini kila wakighani ulimi unajikwaa. Kasoro iko wapi? Na beti ziwe ngapi?

MalengaK:
Mwalimu, jumla ni 16 sawa, ila mgawo ni 9 kwa 7. Hesabuni: u-ka-ti-li-wa-ki-ji-nsi-a. Pumzi ya ghani hukatika baada ya mizani ya 8, kwa hiyo mghani anajikuta amelikata neno "kijinsia" kabla halijaisha. Wanafunzi wakihesabu kwa vidole, wakifika kwenye utao, yaani kipande cha pili cha mshororo, waanze moja upya. Na waangalie ile m: "mlango" ni mizani tatu, "mbali" ni mbili.

Lakini hata mizani ikikaa sawa, huo bado ni mshororo wa bango la semina. Usiku hakuna anayesikia "ukatili wa kijinsia" ukutani, anasikia mlango. Shikeni tendo moja. Mfano wa haraka:

*Nyumba ya jirani yangu, mlango ulivunjika,*
*Redio ya chumba changu, juu sana nikaweka,*
*Bombani na ndoo yangu, jicho lake naepuka,*
*Kimya changu kina fungu, la fimbo iliyoshuka.*

Mpigaji hatajwi wala kipigo hakionekani. Anayeshtakiwa ni aliyeongeza redio, yaani karibu kila aliyekaa kwenye viti siku hiyo. Mshororo wa nne ndio kibwagizo: urudieni bila kugeuza hata neno, na kufika ubeti wa tatu hadhira itakuwa inaitikia. Ubeti mmoja ukighaniwa bila haraka huchukua kama sekunde 25, kwa hiyo 6 zinatosha. Wa saba utawafanya mkimbie, na ghani ya mbio huua vina.

Nakato_B:
Malenga amemaliza umbo, mimi nagusa yaliyomo. Sheria ya Ukatili wa Majumbani ya 2010 haiishii kwenye kipigo. Inataja pia matusi, mateso ya kihisia na ya kiuchumi. Beti mbili ziende huko. Mama ameuza mahindi sokoni, fedha zimechukuliwa mlangoni kabla hajavua kanga: hilo halina damu, na ndilo wengi hawajui kwamba linaweza kupelekwa kwa LC (baraza la mtaa).

Tahadhari moja kubwa: msitunge kisa cha mtu wa hapo mtaani, hata mkibadilisha jina. Kazi yake, idadi ya watoto na rangi ya geti vinatosha kumtambulisha. Wala msimpe mwanafunzi aliyepitia hayo aghani ubeti unaofanana na ya kwao. Wengine huganda jukwaani, na minong'ono ikianza haizuiliki. Mwalimu wa ushauri nasaha awe karibu, na mshereheshaji ataje namba 116, simu ya bure ya kuripoti ukatili dhidi ya watoto.

Mkitaka kuweka video mtandaoni, msimlenge mtu yeyote kwa jina wala cheo. Mwaka 2019 mwanaharakati mmoja alihukumiwa Kampala kifungo cha miezi 18 kwa shairi aliloweka Facebook, kwa Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta. Rufaa ilimtoa Februari 2020, lakini gerezani alikuwa ameshakaa.

Opio_Jinja:
Mwalimu, wazazi watakaokuja wana umri gani? Waliokuwa watu wazima miaka ya 1970 walikisikia Kiswahili hapa kwa askari wa vizuizi barabarani. Shairi lililojaa "Acha!", "Toka!", "Simama!" litawafikia kama amri, tena kwa sauti ileile ambayo mnaipinga. Tumieni "na tuseme", "tusikae", au maulizo. Hapo ubeti wa Malenga umepona, hauamrishi mtu.

Halafu vina: kwa wasemaji wa Luganda, -la na -ra husikika kama kitu kimoja, kwa hiyo watafunga "lala" na "hasira" bila kushtuka. Mwamuzi wa kutoka Mombasa atakata alama. Someni rasimu kwa macho pia, si kwa sikio peke yake.