Jumapili moja Buenos Aires na mama mzazi: Plaza Dorrego itatufaa?

Mama Nasra: Habari za jioni wakuu. Mwezi wa saba nitakuwa Buenos Aires kikazi, na mama yangu mzazi wa miaka 68 tutakuwa naye. Tuna Jumapili moja tu ya kutembea. Magoti yanamsumbua, ila ni mtu wa dansi tangu usichana wake, na natamani alione tango likichezwa pale Plaza Dorrego, uwanja wenye soko la Jumapili katika mtaa wa San Telmo. Ataweza, au watu watamzidi?

Baharia Mstaafu: Mpeleke, dada. Ila msitembee barabara ya Defensa yote kutoka Plaza de Mayo, uwanja mkuu wa katikati ya jiji, kama wageni wengi wanavyofanya. Ni zaidi ya kilomita moja, na mawe yale hayana huruma na magoti. Chukueni teksi, mshukie jirani na uwanja. Fikeni saa nne asubuhi, wauzaji wakipanga gramafoni, vyombo vya fedha na zile chupa za soda za kioo cha rangi. Soko hilo la vitu vya kale lipo tangu 1970. Mchana hapapitiki.

Kitenge: Mwezi wa saba kule ni baridi, mama abebe koti zito. Na mtu akiwamwagia kitu kwenye nguo kisha akajitia kuwafuta, kataeni, ondokeni. Ndivyo vibaka wanavyochomoa.

Binti Pangani: Mimi nasema msiondoke mapema. San Telmo ilikuwa ya matajiri hadi homa ya manjano ya 1871 ilipowakimbiza kaskazini, majumba yao yakapangishwa chumba kimoja kimoja kwa wahamiaji wa Ulaya. Lakini weusi walikuwepo hapo zamani, vizazi vya watu walioletwa utumwani, wengi kutoka Kongo na Angola. Tango lina damu ya ngoma zao, candombe. Jumapili jioni ngoma hizo hupita Defensa. Pumzikeni mgahawani mchana, mtoke kuzisikiliza. Mama akishazisikia, tango ataliona kwa jicho jingine.

Baharia Mstaafu: Hapo Binti Pangani kanizidi. Asubuhi sokoni, mchana mkae, jioni ngoma.

Mama Nasra: Asanteni sana. Nimemsomea mama yote. Anauliza kama kwenye hizo ngoma za jioni mgeni anaruhusiwa kucheza.

Binti Pangani: Anaruhusiwa, watu hufuata nyuma ya wapigaji wakicheza. Avae viatu vya chini.