Tuliojiajiri tulazimishwe kukata bima ya afya, au tuachwe tuamue wenyewe?

Mama Dagaa, Kibirizi (mleta mada)

Wakuu, habari za leo. Mimi ni mchuuzi wa dagaa hapa Kigoma, mwisho wa reli. Sina mwajiri wala hati ya mshahara. Naleta hoja iliyotugombanisha pale kwenye vichanja wiki nzima. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inataka kila mkazi awe na bima. Je, sisi ambao hatuna bosi wa kutuchangia tulazimishwe?

Msimamo wangu nauweka mapema: nakubali kulazimishwa. Nisichokubali ni kudaiwa hela ya mwaka mzima kwa mkupuo.

Jirani yangu pale mwaloni ana mume mwalimu. Kila mwezi mshahara wa yule bwana unakatwa asilimia 3, mwajiri anaweka 3 nyingine, na bima inabeba yeye, mkewe na wategemezi wanne. Nilimuuliza bwana mwenyewe kwa mwaka inafika shilingi ngapi, akacheka. Hajui! Hajawahi kukaa kitandani na noti mkononi akajiuliza akate bima au aongeze mzigo. Mimi swali hilo linanijia kila mwaka, na linanikuta mzima wa afya, sina hata mafua, huku dagaa wamejaa mwaloni wanauzwa bei ya kutupa. Mwaka gani mfanyabiashara mwenye akili ataacha mzigo akalipie ugonjwa ambao hajaugua?

Halafu hela yangu inafuata mwezi wa angani. Giza likiingia mitumbwi inatoka na taa, dagaa wanashuka, napata. Mwezi ukijaa wavuvi wanalala, na mimi nalala. Mwaka 2024 ikawa zaidi ya mwezi kujaa: Ziwa Tanganyika lilifungwa, uvuvi ukasimama kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti samaki wazaliane. Kadi yangu ya bima iliisha Juni. Nikasema nitahuisha ziwa likifunguliwa. Julai kijana wangu wa pili akashikwa na kidole tumbo, usiku, na hospitali haingoji ziwa. Dirishani dada akaniuliza bila kuinua macho, "Bima au keshi?" Nikajibu keshi, na keshi yenyewe sikuwa nayo. Niliuza cherehani ya marehemu mama. Mtoto alipona, nashukuru Mungu, lakini aliyeinunua ni jirani wa nyumba ya tatu, na mpaka leo jioni naisikia ikilia.

Sasa pendekezo langu. Gunia langu halipandi gari bila kulipiwa ushuru, na sijawahi kushindwa kulipa ushuru kwa sababu wakati huo mzigo ninao. Hela ya bima iwekwe papo hapo, kidogo kidogo kwa gunia. Giza nalipa, mwezi silipi. Nawasilisha.

Boda wa Mwanga

Shikamoo mama. Nakuheshimu ila hapo umetuchoma. Umesahau muswada wa sheria hiyo wa 2022? Ulitaka kufunga leseni ya udereva, leseni ya biashara, mpaka laini ya simu, kwamba kama huna bima huhudumiwi. Na bei iliyotajwa ilikuwa 340,000 kwa kaya ya watu sita, 84,000 kwa mtu mmoja. Watu walipiga kelele ndiyo ukarudishwa jikoni.

Mimi nina miaka 26. Hospitali niliingia mara ya mwisho nikiwa shule ya msingi, malaria. Kila jioni napeleka hesabu kwa tajiri mwenye pikipiki, mvua inyeshe isinyeshe. Yaani niongeze na tajiri wa pili?

Nesi Mstaafu

Mwanangu wa boda, marahaba hata kama hujanisalimia. Nenda wodi ya majeruhi yoyote katika nchi hii uwahesabu wenzako waliofungwa vyuma mguuni. Wote walikuwa na miaka kama yako na wote walikuwa hawaumwi.

Nimekaa wodini miaka mingi, niwaambie kitu ambacho mtu akiwa nje ya dirisha hakioni. Bima ya mtu mmoja mmoja, ya hiari, inakujaga na ugonjwa mlangoni. Nimeona mama anauliza fomu akiwa na mimba ya miezi saba. Nimeona baba ameshaandikiwa upasuaji wa tezi dume, anatoka chumba cha daktari moja kwa moja kutafuta wakala wa bima. Siwalaumu, hata mimi ningefanya hivyo. Lakini chungu ambacho kila anayekikaribia ana njaa na hakuna anayeongeza unga, kitakwisha saa ngapi?

Ndiyo yaliyoikuta Toto Afya Kadi, ile bima ya watoto. Shilingi 50,400 kwa mtoto kwa mwaka, na Machi 2023 ikasitishwa, sababu iliyotolewa ni kwamba wengi waliokuwa wanaandikishwa ni watoto ambao tayari wanaumwa. Wazazi wakaambiwa wapitie shuleni au kwenye vifurushi vya familia. Kama bibi mwenye wajukuu nilikasirika sana. Kama nesi nilikuwa nimeona inakuja.

Ndiyo maana pia vile vifurushi vya NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, vilivyozinduliwa mwaka 2019 vilianzia 192,000 kwa kijana mmoja. Ukija peke yako, wanakuhesabia kama mtu aliyekuja kwa sababu anaumwa. Walimu wanakuja wote, wazima kwa wagonjwa, ndiyo maana mume wa jirani yako hajui hata anakatwa ngapi. Mama Dagaa yuko sahihi kuhusu kulazimishwa. Hilo la gunia ndilo sijalielewa bado.

Mtumbaku, Urambo

Mnatamani makato? Njooni Tabora mtuulize sisi. Nakausha tumbaku kwa moto bani nzima, napeleka marobota sokoni, klasifaya anapanga madaraja, chama cha ushirika kinakata mbolea, kinakata mkopo, kinakata hiki na kile, ninachobaki nacho nakihesabu nikiwa nimekaa chini. Makato siyo mageni. Tatizo la makato ni kwamba ukishakatwa huwezi kugoma.

Na bima pia siyo ngeni kwetu. Mfuko wa Afya ya Jamii, CHF, ulianza kwa majaribio hapa Tabora, Igunga, mwaka 1996, wakati ule Boda hajazaliwa. Wazee wanakumbuka "tele kwa tele": mwananchi akichanga shilingi, serikali inaongeza shilingi. Baadaye ikaja CHF iliyoboreshwa, 30,000 kwa kaya ya watu sita. Bei hiyo nani angeilalamikia? Nililipa. Nikaenda zahanati na mke ana homa, kadi ikapokelewa vizuri kabisa, kipimo bure, kisha nikaandikiwa karatasi: dawa hakuna, kanunue duka la nje. Duka la nje halijui kadi. Mwaka uliofuata sikulipa, na siyo kwa sababu ya mwezi wala ziwa.

Kwa hiyo dada yangu, kabla ya kuuliza hela ikatwe wapi, uliza rafu ya dawa ina nini. Pili, ukiweka bima kwenye gunia hutalipa wewe. Utashusha bei unayomnunulia mvuvi, na mvuvi naye ana watoto.

Mama Dagaa

Kaka wa Urambo, hilo la mvuvi umenikamata. Ni kweli nitashusha, nisidanganye. Ila mvuvi naye akiwekewa jina lake kwenye gunia hilo hilo, tukagawana, tutakuwa tunalipiana. Kwa sasa tunalipiana pia, ila kwa harambee: akiumwa mmoja, kopo linazungushwa mwaloni, na nikwambie, kopo hilo halijawahi kutosha upasuaji.

CHF nimewahi kuwa nayo. Iliishia hospitali ya rufaa ya mkoa, na ya mkoa wako tu. Mimi napeleka mzigo Dar. Presha ilinipandia huko, kadi nikaitoa, wakaniangalia kama nimetoa tiketi ya treni.

Nesi, hesabu ya gunia ni hii. Mwaka jana nilipitisha magunia kama 240. Ile 30,000 ukiigawa ni shilingi 125 kwa gunia, hata mfuko wa kubebea unazidi. Hata 340,000 iliyomkimbiza Boda inakuwa kama 1,417. Inauma, lakini ningeilipa bila kuuza cherehani.

Boda wa Mwanga

Mama, na mimi gunia langu liko wapi? Kwenye lita ya mafuta?

Nesi Mstaafu

Umejijibu mwenyewe, mwanangu.

Mtumbaku, Urambo

Bado rafu hamjaisema. Na mwaka ambao ziwa limefungwa miezi mitatu, magunia yakawa 150? Kadi ya mama itafanya kazi mpaka Agosti halafu izime?

Mama Dagaa

La rafu sina jibu, nakuachia Nesi. La ziwa nimelilala nalo usiku mzima. Kama aliyefunga ziwa ni serikali, basi miezi ile mitatu nadhani ingenilipia yenyewe, irudishe ile tele kwa tele yenu ya Igunga. Ila najua mtaniuliza hela itoke wapi. Niulizeni jioni, giza limeanza na mitumbwi inarudi sasa hivi.