Naomba ushauri: nyumba 48, vijiji vitano, wenyeviti hawaelewani. Tugawe vipi kwa haki?

Katibu_Pangani
Wakuu, habari za jioni. Naombeni ushauri, jambo hili linaninyima usingizi.

Mimi ni katibu wa kamati ya ujenzi huku kwetu wilaya ya Pangani, Tanga. Wazawa walioko Dar es Salaam na nje ya nchi wamechangishana, mfadhili mmoja akaongezea, na fedha imetosha nyumba 48 za tofali: vyumba viwili, sebule, choo, na tangi la kuvunia maji ya mvua. Ni kwa ajili ya kaya zinazolala kwenye nyumba za miti na udongo zilizochoka, zile ambazo kila masika ukuta mmoja unalala chini.

Majina ya vijiji nitayaacha. Cha kwanza kina kaya 620, cha pili 410, cha tatu 290, cha nne 180, cha tano 100. Cha kwanza kiko barabarani, kina umeme, soko na zahanati. Cha nne kimebanwa na shamba la mkonge pande tatu, ardhi ya kujengea hakina. Cha tano ni cha wavuvi, mvua zikishika gari haifiki.

Kikao cha juzi kilivunjika. Mwenyekiti wa kwanza anataka mgawo kwa wingi wa watu. Wa tano anataka vijiji vyote vipate sawa, wakati 48 kwa tano haigawanyiki. Mfadhili naye anapenda zote zijengwe kijiji cha kwanza, zipangwe kwa mistari, gharama ya kusomba vifaa ipungue. Na mimi mama yangu mdogo anaishi kijiji cha nne, nyumba yake ni mojawapo ya hizo zilizochoka, kwa hiyo nikifungua mdomo naonekana namtetea. Nifanyeje?

Mwana_wa_Mkonge
Jitoe kwenye maamuzi ya kijiji cha nne, tena utamke mbele ya watu na iandikwe kwenye muhtasari. Anza na hilo.

Hesabu_Kijijini
Mkuu, kaya 620 zinakuonyesha watu walivyo wengi, hazikuonyeshi nyumba mbovu ni ngapi. Piga hesabu zote mbili uone. Kwa wingi wa kaya, jumla yako ni 1,600, mgawo unatoka 19, 12, 9, 5 na 3. Sasa tuseme, kwa mfano tu, mmezunguka vitongoji vyote mkakuta nyumba zisizokalika 90, 110, 80, 70 na 50. Jumla 400. Mgawo unageuka kuwa 11, 13, 10, 8 na 6. Wavuvi wako wametoka 3 hadi 6, na kijiji cha barabarani kimeshuka kutoka 19.

Namba hazitatoka nzima. Katika mfano huu, kila kijiji kikishapewa namba yake nzima zinabaki nyumba mbili, ziende kwa vijiji viwili vyenye sehemu kubwa iliyosalia. Ila mkubaliane kanuni kabla ya kuhesabu. Namba zikishajulikana, kila mwenyekiti atatafuta kanuni inayombeba.

Na muandike nyumba mbovu ni ipi: ukuta umeanguka, paa linavuja, watu wangapi chumba kimoja. Halafu wa kijiji cha pili wahesabu cha tatu, wa tatu wahesabu cha nne, hivyo hivyo mpaka mzunguko ufungike. Asihesabu mtu kwao.

BiMkubwa_Mwera
Mwanangu, hilo la kupanga nyumba kwa mistari mimi nimeliishi. Mwaka 1974, Operesheni Vijiji, nilikuwa binti mdogo. Tuliambiwa tuhame tukae pamoja. Baba aliacha minazi yake na mwembe aliopanda babu, shamba likawa mwendo wa saa mbili. Ngedere na nguruwe ndio waliovuna. Baadaye jirani mmoja mmoja akarudi kimyakimya kwenye mahame yake.

Mvuvi ukimweka kando ya barabara, ngalawa yake atailinda nani? Hiyo nyumba nzuri ataipangisha kwa mgeni, yeye arudi kwenye banda lake pwani. Mjengeeni mtu pale anapoishi.

Ardhi_Mstaafu
Shikamoo Bi Mkubwa. Nakuunga mkono, na kisheria pia kumjengea mtu pale anapoishi ni rahisi zaidi. Mkitaka eneo jipya, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 hairuhusu Halmashauri ya Kijiji kugawa ardhi kabla Mkutano Mkuu wa Kijiji haujaridhia. Sahihi za wenyeviti watano hazitoshi, Katibu.

Kijiji cha nne: mwenye kiwanja abomolewe ajengewe hapo hapo, hakuna ardhi mpya inayohitajika. Asiye na kiwanja, kama kijiji cha tatu kiko tayari kumpokea, mikutano mikuu ya vijiji vyote viwili ikae. Kijiji cha tano pimeni kutoka ufukweni, maana Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60.

Jambo moja nawasihi sana. Hatimiliki ya kimila, yaani hati ya kumiliki ardhi ya kijiji, iandikwe mume na mke wote wawili. Nimekaa kwenye mashauri ambayo mume amefariki, arobaini haijaisha, ndugu wameshafika kumtoa mjane nje.

Fundi_Tofali
Kwa heshima zote kwa Bi Mkubwa, msidharau hoja ya mfadhili. Kutawanya nyumba vijiji vitano kunakula fedha: saruji, mchanga, kokoto, mafundi kuhama. Ila gharama ya kusomba itoke mfuko mmoja, isikatwe kwenye mgawo wa kijiji cha mbali, la sivyo mnawaadhibu kwa barabara ambayo si wao waliyoiharibu. Tofali fyatueni huko huko kijijini. Cha tano kijengwe kwanza, masika yakiisha, msisubiri vuli. Na bati msichukue jepesi, chumvi ya bahari inalimaliza haraka.

Mama_Kitongoji
Mmeongelea vijiji, sasa ndani ya kijiji nani anapata? Fanyeni kama TASAF, ule Mfuko wa Maendeleo ya Jamii wa serikali, walivyotambua kaya maskini: mkutano unataja majina, kaya zinatembelewa na kuhojiwa, kisha orodha inarudi kusomwa mkutanoni kwa sauti. Mimi ningeongeza kuibandika ofisi ya kijiji siku 14 watu waweke pingamizi. Huku kwetu orodha moja iliyopikwa ofisini ilimpa nyumba mwenye duka, bibi kipofu akaachwa. Mpaka leo hatusalimiani vizuri.

Katibu_Pangani
Wakuu, asanteni sana. Bi Mkubwa, shikamoo, maneno yako nimewasomea wenyeviti wote na hoja ya kujenga sehemu moja wameiacha. Mwenyekiti wa kwanza bado ana kinyongo, ila amekubali kuhesabu kwa nyumba mbovu kwa sharti kwamba wapangaji wasio na nyumba kijijini kwake nao wahesabiwe. Nimeona ana haki, tumeandika.

Kujitoa nimetamka. Mama mdogo amenuna, nitakwenda kukaa naye Ijumaa. Jumapili tunaanza kuhesabu, wa kijiji cha nne wanakwenda kwa wavuvi.

Kimebaki kimoja. Ardhi_Mstaafu, kama mume ana wake wawili, na wote wanaishi kwenye kiwanja kimoja, hati tunaandikaje?