Napanga muziki wa laivu Dodoma, wanaopanda jukwaani ni walewale. Nifanyeje?

ZabibuDom:
Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri, na naomba mnisome hadi mwisho.

Ninapanga ratiba ya muziki kwenye bustani moja hapa Dodoma, kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Natafuta bendi, tunaelewana bei, natengeneza bango, na siku yenyewe nahakikisha watu wanapanda kwa saa. Juzi nilikuwa nayapitia mabango ya mwaka mzima kwenye simu, nikayaona yote kwa pamoja kwa mara ya kwanza. Dansi, kopi za Bongo Fleva, dansi tena. Ukiacha kikundi kimoja nitakachokieleza hapa chini, wanawake ni watatu tu, wote waimbaji. Mwanamke mpiga ala hakuna. Na hapa ndipo nchi ya Wagogo, alikotoka mwanamuziki Hukwe Zawose aliyelipeleka zeze na ilimba (ala ya vichuma vinavyopigwa kwa vidole gumba) hadi Ulaya, lakini mgeni angekaa kwetu mwaka mzima asisikie ilimba hata siku moja. Limenikera sana jambo hili.

Si kwamba sikujaribu. Mwezi wa tano niliita kikundi cha akina mama wa muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo, kutoka upande wa Chamwino. Niliwapanga saa moja jioni, watu wakiwa bado wanaagiza chakula. Mitambo ilikuwa imeshafungwa kwa ajili ya bendi, wakapewa maiki mbili kwa watu kumi na wawili. Waliomba moto wa kupasha ngoma ili ngozi zikaze, meneja akakataa kwa sababu ya nyasi zake. Wakapiga ngoma zimelegea, dakika ishirini, nikawaashiria washuke. Bendi ililipwa bei ya bendi, wao nikawapa posho. Wakati wanapanda gari, kiongozi wao aliniuliza, "Mwanangu, ulituita tupige ngoma au tusindikize chakula?"

Nilikosa jibu. Nataka kuwaita tena, na nataka ratiba nzima ibadilike, ila sitaki kurudia kosa lile. Nianzie wapi?

FundiMitambo:
Mkuu, pole, lakini tatizo lako lilianza kabla hawajafika. Ulimpigia fundi wako simu ukamwambia kinakuja nini? Bendi ikija tunaulizana: ngoma ngapi, magitaa mangapi, waimbaji wangapi. Kikundi cha asili kikija tunasema "watapiga tu".

Muheme ina nguvu yake yenyewe, ngoma zile zinasikika mbali. Kinachopotea ni sauti za kuitikia. Weka maiki juu mbele ya waitikiaji, si kila mtu ashike yake, maana yule mama ngoma ameibana mapajani na mikono yote ina kazi. Ilimba ni kinyume chake: sauti yake ni ndogo, inataka maiki ya karibu kabisa na spika za jukwaani ziwe chini, la sivyo inapiga mluzi. Wapimiwe sauti wao kwanza, bendi ifuate. Na kwa muheme usilazimishe jukwaa, waweke chini watu wawazunguke. Ukiwapandisha juu wakajipanga mstari mmoja umeshawavunja.

BesiTemeke:
Kaka Zabibu, mimi ni mwanamke, napiga besi Dar, na nimekataa kazi nyingi kuliko nilizokubali. Hakuna aliyewahi kuniuliza kwa nini, wanasema tu "wanawake wapiga ala hawapatikani".

Tunapatikana. Zanzibar kuna Tausi, kundi zima la taarab ni wanawake, wenyewe ndio wanaopiga ala. Kuna Siti Amina anayeimba huku anapiga udi, amesomea pale chuo cha muziki cha Dhow Countries. Hapo hapo kwenu Wagogo, Pendo na Leah Zawose walikaa miaka wakiitikia nyuma ya wanaume wa familia, na mwaka 2024 wametoa albamu yao wakiwa mbele na ala mikononi.

Kinachonikatalisha ni haya. Shoo inaisha saa nane usiku na nauli ya kurudi najitegemea. Pa kubadilishia nguo ni stoo ya kreti za bia, mlango haufungi. Mteja mlevi anapanda kunituza, mkono wake unakwenda asipotakiwa, na mwenye ukumbi anacheka. Panga wanawake mapema kidogo, lipa gari la kuturudisha, weka mtu mmoja wa kusimamia watuzaji. Halafu tulipe bei ileile ya mwanamume anayepiga besi. Na msitutafute tarehe 8 Machi peke yake.

MzeeKirumba:
Nawaheshimu wote, ila mimi nimeendesha ukumbi Mwanza na niseme ukweli. Nilibadilisha ratiba ghafla, wateja wangu wa dansi wakahama, nikashindwa kuwalipa hata wale wasanii wapya niliowaita kwa nia njema. Dansi ndilo linalolipa umeme hapo kwako. Usiliondoe. Kaa na kiongozi wa bendi, mpatane wimbo mmoja au miwili wapige pamoja na wageni, wafanye mazoezi walau mara mbili. Wateja watawapokea kwa sababu bendi yao imewapokea. Baada ya miezi mitatu wape saa nzima yao.

GitaaUjiji:
Naongezea moja ambalo wengi hulisahau. Mimi natumia kiti cha magurudumu. Jukwaa la ngazi nne maana yake nabebwa kama gunia mbele ya watu kabla sijapiga noti hata moja. Staff Benda Bilili, bendi ya wanamuziki walemavu wa Kinshasa, walizunguka Ulaya na baiskeli zao za magurudumu matatu, kumbi zikawapokea. Mbao mbili za kufanya mteremko na fundi seremala wa nusu siku zinatosha. Na choo, mkuu, kapime mlango wa choo.

ZabibuDom:
Nimesoma yote, mengine mara mbili. Mrejesho: meneja amekubali moto, tutauwasha nyuma ya jiko kwenye mchanga. Posho nimeifuta, muheme watalipwa kama bendi, saa tatu usiku, chini, watu wawazunguke. Seremala anakuja Jumanne. Dada Besi, nimekutumia ujumbe, gari la kurudi limo kwenye bajeti.

Jana nilimfuata yule mama nyumbani kwake, nikamwomba radhi. Alinyamaza kwa muda, kisha akauliza jambo moja tu: kuni mnazo, au tuje nazo?