Siku zinafanana mno, nifanyeje?

Wakuu, nina miaka 41. Kazi, nyumbani, simu, kulala. Sina shida kubwa, ila furaha imechuja. Kuna aliyejaribu vitu vipya vikamsaidia?

Jibu: Mkuu, mimi nilianza kupiga mswaki kwa mkono wa kushoto. Usicheke! Siku ya kwanza povu lilinishuka hadi kwenye kiwiko, nikabaki najicheka kwenye kioo. Ubongo huamsha dopamini, ile kemikali yake ya hamasa, ukikutana na kitu kigeni. Ukishakizoea, msisimko unapoa. Mswaki wenyewe sasa nimeuzoea, nimehamia kuchora. Nachora vibaya sana.

Jibu: Mimi kuogelea, ukubwani. Wiki 3 nzima nimeng'ang'ania ukingo kama kupe.

Muulizaji: Eti kupe! Haya, leo narudi kwa njia nyingine, simu mfukoni.