Tupeane uzoefu: mliowahi kutoa kitabu cha mapishi cha kuchangisha fedha, mlifanyaje?

Wakuu, habari za jioni. Kikundi chetu cha kujitolea hapa Dodoma mjini kimeamua kukusanya mapishi ya kwetu, kuyachapa na kuyauza. Fedha yote iende kwenye chakula cha mchana cha shule ya msingi ya mtaani, maana mvua ikikata wazazi wengi wanashindwa mchango wa mahindi na maharage. Mapishi tunayo: ugali wa uwele, mlenda wa kukausha, wali wa mchele wa Bahi, juisi ya ubuyu. Pa kuanzia ndipo hatupajui. (Na msiseme ni mambo ya Instagram. Marekani walitoa kitabu cha namna hii mwaka 1864, kuchangia majeruhi wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe.)

Mama wa Chang'ombe
Mdogo wangu, kuchapa si kazi, kazi ni vipimo. Sisi fundi wetu wa mlenda alikuwa bibi mmoja wa Mvumi. Ukimuuliza magadi kiasi gani, anakuonyesha ncha ya kidole: "Ya kutosha tu, mjukuu wangu." Sasa uandike hivyo, mtu wa Dar atumbukize kijiko kizima, mboga iwe na ladha ya sabuni! Tukaacha kuuliza. Mmoja wetu akawa anasimama naye jikoni na kijiko cha chai na kikombe. Chochote bibi anachotaka kutia, kinapimwa kwanza. Alinuna kidogo, ila mboga ilipikwa. Kisha tukampa karatasi kijana wa Moshi ambaye hajawahi kupika mlenda, apike bila kumsaidia. Kila alipokwama, tukaandika upya hapo. Mathalani hatukuwa tumesema kwamba magadi yanatangulia kwenye maji, wala kwamba sufuria haifunikwi, kwa sababu kwetu nani asiyejua mlenda unafurika?

Kijana wa Nzuguni
Upande wa uchapaji: kitabu cha kubana pini katikati, kurasa zigawanyike kwa 4, la sivyo mtalipia karatasi tupu. Rangi wekeni kwenye jalada, ndani nyeusi na nyeupe inatosha. Ulizeni bei ya nakala 200 na ya 500, mtaona nakala moja inavyoshuka, maana pleti (mabamba ya kuchapia) zinatengenezwa mara moja tu. Na msichape ndipo mtafute wateja. Watu walipie kabla.

Mrangi wa Kondoa
Kila pishi liwe na jina la mwenyewe. Mama akijiona kitabuni atanunua chake, cha dada yake na cha mwanawe aliyeko Mwanza. Ila mwombeni ruhusa. Kwetu kuna mmoja alikataa katakata, eti mumewe hataki watu wajue wanakula mlenda kila siku. Tulicheka, lakini jina tuliliondoa.

Mweka hazina mstaafu
Fedha iingie akaunti ya kikundi, isiingie simu ya mtu. Afisa maendeleo ya jamii wa kata atawaelekeza namna ya kusajili. Kwetu ugomvi haukuletwa na wizi. Mtu alibeba nakala za kuuza akawagawia shemeji zake kwa ahadi. Anayebeba kitabu asaini, hata awe mwenyekiti. Mapato na matumizi bandikeni kwenye ubao wa shule.

Mama wa Chang'ombe
Nimesahau: vitabu nendeni navyo maonyesho ya Nanenane pale Nzuguni, na mpike hapohapo. Mtu akishaonja, bei haimsumbui.

Mwanzisha mada
Asanteni sana, hasa hilo la kijana wa Moshi, na sisi tunaye wa Bukoba wa kumjaribia. Sufuria na majiko ya kwenda nayo Nanenane yapo. Meza pale inalipiwaje, na maombi yanapelekwa wapi? Anayejua atuambie mapema.